Umeme wa kompyuta angani: mwongozo kwa msafiri anayeanzia Mwanza

Anayeruka kutoka Mwanza kwenda nje ya nchi huwa na safari mbili ndani ya moja. Ya kwanza ni ile fupi ya kwenda Dar es Salaam, takribani saa moja na nusu, ambayo ukishafunga mkanda, ukapewa maji na kuliona Ziwa likibaki nyuma, unasikia tangazo la kushuka. Ya pili ndiyo yenye kazi: saa tano na ushee kwenda Dubai au Doha, saba na zaidi kwenda Istanbul, na zaidi ya kumi kwenda Guangzhou wanakofuata mzigo wafanyabiashara wetu. Kompyuta mpakato ya kawaida ikitumika mfululizo haifiki huko kwa betri yake peke yake.

Mimi ni fundi kompyuta hapa mjini, na wateja wanaosafiri huniuliza swali lilelile: "Fundi, kwenye ndege kuna umeme?" Upo mara nyingi, lakini ni kidogo, na humshinda asiyejiandaa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni mambo ya kufanya ukiwa bado Nyegezi, Igoma au Kirumba, kabla gari halijakupeleka uwanjani kupitia Pasiansi.

Hatua ya 1: Jua utapanda ndege gani

Angalia tiketi yako au ingia kwenye tovuti ya shirika, utaona aina ya ndege imeandikwa kwa kila kipande cha safari. Kipande cha Mwanza hadi Dar mara nyingi hufanywa na ndege za pangaboi kama ATR 72 na Dash 8-400, au jeti ndogo. Kwenye pangaboi usitegemee soketi kabisa. Hata ikiwa jeti, chukulia kuwa hakuna, kwa sababu muda wenyewe ni mfupi na ukitoa dakika za kupaa na kutua hubaki muda wa kuandika barua pepe mbili tatu. Ushauri wangu ni kutoifungua kompyuta kabisa kwenye kipande hiki. Tunza chaji.

Ndege kubwa za masafa marefu, kama Boeing 777, Boeing 787, Airbus A330 na A350, nyingi zina umeme kitini. Ila aina ya ndege peke yake haitoshi, kwani kila shirika huchagua viti vyake: moja huweka soketi kwa kila abiria, jingine huweka soketi mbili kwa viti vitatu, jingine huweka tundu la USB tu. Hivyo wapigie au soma maelezo ya viti kwenye tovuti yao, na uulize swali mahususi: soketi ya plagi ipo, au USB pekee? Wakijibu "USB ipo", usifurahi haraka. Tundu la USB la zamani, lile pana, hutoa wati 10 hivi. Linatosha simu. Kompyuta inayohitaji wati 45 haitagundua hata kwamba kitu kimechomekwa. Ndege mpya zina USB-C yenye nguvu ya wati 60 au zaidi, na hizo zinafaa.

Hatua ya 2: Soma maandishi ya chaja yako

Geuza chaja, utaona maandishi madogo. Tafuta mstari wa INPUT. Ukikuta 100-240V na 50-60Hz, uko salama. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230 na hezi 50. Wa kwenye viti vya ndege kwa kawaida ni volti 110 na hezi 60. Chaja ya kompyuta hujirekebisha yenyewe, kwa hiyo asikuuzie mtu kibadilisha volti, ni uzito wa bure.

Kisha tafuta OUTPUT. Hapo pana volti na ampea. Zidisha, utapata wati. Chaja yenye 19.5V na 2.31A ni ya wati 45. Yenye 19.5V na 3.34A ni ya wati 65. Yenye 19.5V na 4.62A ni ya wati 90. Za kompyuta za michezo na za wahariri wa video huanzia 135 na kupanda hadi 230 na zaidi.

Namba hiyo ina uzito kuliko zote katika jambo hili, kwa sababu soketi ya kitini haiko kama ya ukutani. Imewekewa kikomo, kwa kawaida kati ya wati 75 na 100. Ukivuta zaidi ya kikomo inajikata yenyewe, bila kelele, na dalili yake ni taa ndogo ya kijani kuzimika. Wenye chaja za 45 na 65 hawatapata shida. Mwenye 90 yuko mpakani. Mwenye 180 akichomeka huku betri ikiwa tupu na programu nzito zimefunguliwa, soketi itakata ndani ya muda mfupi, naye atadhani kiti chake ni kibovu.

Kwa nini betri tupu inahusika? Kompyuta inayotumika huku inachajiwa ni mtungi unaojazwa huku watu wanachota: inavuta umeme wa kufanya kazi na wa kujaza betri kwa pamoja. Betri ikishajaa, uvutaji unashuka. Kompyuta ya ofisini yenye betri kamili, ikiandika tu, huweza kuvuta wati 10 hadi 20, kiasi ambacho soketi yoyote ya ndege inakimudu. Kwa hiyo hata mwenye chaja kubwa ana njia: apande ndege betri ikiwa imejaa, achomeke mapema, asiache ishuke kwanza.

Njia nyingine ni kununua chaja ndogo ya USB-C ya wati 65, ikiwa kompyuta yako inakubali kuchajiwa kwa tundu hilo. Si kila tundu la USB-C linapokea chaji; mengine ni ya data tu. Angalia alama ya radi au ya plagi pembeni ya tundu, au jaribu nyumbani siku kadhaa kabla. Nasisitiza kujaribu nyumbani. Chaja iliyonunuliwa saa ya mwisho na kufunguliwa angani ni kamari.

Wenye kompyuta za zamani ambazo betri inachomoka wana mbinu yao: kuichomoa betri na kutumia umeme wa soketi pekee, ili kusiwe na mzigo wa kuchaji. Inafanya kazi, lakini soketi ikikata hata sekunde moja kompyuta inazima na kazi inapotea. Hifadhi kila baada ya aya.

Hatua ya 3: Pima betri uliyonayo

Kompyuta nyingi zinazouzwa mjini kwetu ni zile zilizotumika, zinazopitia Dubai. Ni nzuri, ninazo na ninaziuza, ila betri zake nyingi zimechoka. Mtu hununua, anaitumia nyumbani ikiwa imechomekwa muda wote, na hajui hali ya betri mpaka siku ya safari.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi. Ndani yake linganisha namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Namba hizo ziko kwa mWh. Gawanya kwa 1,000 upate wati-saa, yaani Wh. Betri iliyozaliwa na 48 Wh ikawa na 20 leo, hiyo ni ya kubadilisha.

Ukishajua Wh, hesabu ni nyepesi. Gawanya kwa wati ambazo kompyuta inakula. Betri ya 48 Wh kwenye kompyuta inayokula wati 12 inakupa saa nne. Ukipunguza mwanga wa skrini na kufunga visivyotumika ikashuka hadi wati 8, unapata saa sita. Ukitazama video kwa mwanga kamili ikapanda wati 20, hazifiki saa mbili na nusu.

Hapa nina msimamo. Mteja akiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu kabla ya safari, namwambia abadilishe betri ya kompyuta, asinunue pawabenki. Sababu utaiona kwenye hatua inayofuata.

Kabla ya kubadilisha au kusafiri, kagua pia kama betri imevimba. Dalili ni padi ya kugusa kuinuka, mfuniko wa chini kuachia pembeni, au kompyuta kuyumba ikiwekwa mezani. Betri ya namna hiyo isipande ndege. Mpelekee fundi, tena usiichaji.

Hatua ya 4: Pawabenki, na sheria zake

Huku ndiko watu wengi hupoteza pesa na vitu vyao.

Kwanza ukubwa. Sheria za usafiri wa anga hupima betri kwa Wh, ilhali madukani tunauziwa kwa mAh. Chukua mAh, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 3.7. Pawabenki ya 10,000 mAh ni 37 Wh. Ya 20,000 ni 74 Wh. Ya 27,000 inakaribia kabisa 100 Wh. Ya 30,000 ni 111 Wh. Ya 50,000 ni 185 Wh.

Hadi 100 Wh inaruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi. Kati ya 100 na 160 Wh ni lazima shirika likukubalie, na huwezi kuzidisha mbili. Zaidi ya 160 Wh haipandi ndege ya abiria kabisa. Kwa hiyo zile pawabenki kubwa za 50,000 zinazopangwa mezani maeneo ya Makoroboi zinafaa nyumbani umeme ukikatika. Uwanja wa ndege si mahali pake. Hata ikiwa namba imeongezwa chumvi, mkaguzi anasoma kilichoandikwa. Na isiyo na maandishi, au ambayo maandishi yamefutika, inaweza kuchukuliwa hivihivi.

Pili, mahali pa kuiweka. Pawabenki haiingii kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, hata iwe ndogo kiasi gani. Betri ya lithiamu ikipasuka, hujipandisha joto yenyewe kutoka ndani. Gesi ya kuzimia moto iliyoko kwenye chumba cha mizigo inaweza kuukandamiza mwali, lakini haizuii joto hilo kuruka kutoka seli moja hadi nyingine. Ikiwa juu, kwenye abiria, wahudumu wanaiona na wanaweza kuimwagia maji ipoe.

Tatu, matumizi, na hili ni jipya kwa wengi. Tangu 1 Aprili 2025 Singapore Airlines hairuhusu abiria kuchaji kifaa kwa pawabenki wala kuichaji pawabenki yenyewe ndani ya ndege. Emirates nayo, tangu 1 Oktoba 2025, inaruhusu pawabenki moja tu iliyo chini ya 100 Wh, isiyotumika wala kuchajiwa angani, na isiyowekwa kwenye kabati la juu. Ikae kwenye mfuko wa kiti au chini ya kiti cha mbele. Mashirika mengine yana masharti yanayofanana. Soma ya kwako siku chache kabla ya safari kwa sababu yanabadilika.

Kwa wanaokwenda kufuata mzigo China: tangu 28 Juni 2025, safari za ndani ya nchi hiyo hazikubali pawabenki isiyo na alama inayosomeka ya 3C, yaani ile ya China ya kuthibitisha usalama wa bidhaa. Unaweza kufika Guangzhou nayo salama, kisha ukanyang'anywa unapounganisha ndege ya ndani.

Ndiyo maana nasema betri ya kompyuta ije kwanza. Betri iliyomo ndani ya kompyuta unaitumia angani bila kuulizwa. Pawabenki, kwenye safari nyingi, imebaki kuwa msaada wa kusubiri ndege. Ukiinunua kwa kazi hiyo, hakikisha inatoa wati 45 au 65 kwa USB-C, kwani nyingi zinatoa umeme wa simu tu. Na usihesabu Wh zote. Sehemu hupotea kama joto, mimi huhesabu robo tatu.

Hatua ya 5: Kufunga begi

Kompyuta, chaja na pawabenki viwe begi la mkononi, tena pamoja, pahali unapopafikia bila kumwaga vitu vyote. Betri ya akiba ya kompyuta, ile iliyochomolewa, iwekewe utepe wa gundi au plasta kwenye meno yake ya shaba, au mfuko wake peke yake, isiguse funguo wala sarafu.

Sasa sikiliza jambo linalowapata sana wasafiri wa kwetu. Pangaboi zina makabati madogo ya juu. Begi lako la mkononi likionekana nene, litachukuliwa mlangoni pa ndege na kupelekwa chini. Kabla ya kulitoa, toa kompyuta, pawabenki na betri za akiba, hata kama nyuma yako kuna foleni. Mwambie mhudumu, "Samahani, nina betri humu, naomba nitoe kwanza." Atakungoja. Ni jambo analolitaka yeye mwenyewe. Mfuko mwepesi wa kitambaa uliokunjwa ndani ya begi unasaidia sana saa hiyo.

Kuhusu plagi: plagi zetu za miguu mitatu ya mraba huingia kwenye soketi nyingi za ndege, lakini hulegea, na ukisogeza mguu inaanguka. Ya miguu miwili hukaa vizuri zaidi. Chukua adapta nyepesi. Ile nzito ya mchemraba inajivuta yenyewe kwa uzito. Ile ya miguu mitatu usiiache, maana utaihitaji uwanja wa Dar.

Hatua ya 6: Usiku wa kuamkia safari

Chaji jioni, usisubiri alfajiri. Umeme unaweza kukatika usiku na ndege ni ya saa 12 asubuhi. Kompyuta nyingi za Lenovo, ASUS na Dell zina mpangilio unaosimamisha chaji kwenye asilimia 80 ili betri idumu. Ni mpangilio mzuri siku zote isipokuwa leo. Uzime, ijae hadi 100.

Wakati inachaji, pakua kila utakachohitaji: hati, viambatisho, kamusi, picha. Wi-Fi ya ndege huuzwa ghali ikiwepo, na kutafuta mtandao hula chaji. Kisha zima kompyuta kabisa. Kufunga mfuniko si kuzima. Inaweza kuamka ndani ya begi, ikapata joto na chaji ikabaki nusu.

Anayetoka Geita au Sengerema, ambaye sasa anavuka kwa Daraja la Magufuli pale Kigongo na Busisi badala ya kungoja kivuko, ana nafasi ya ziada: chaja ya gari ya USB-C kwenye tundu la kuwashia sigara huongeza chaji hadi uwanjani.

Hatua ya 7: Dar, kabla ya kuunganisha

Ukifika Uwanja wa Julius Nyerere, tafuta soketi kwanza, chakula baadaye. Rudisha kila asilimia iliyopungua. Usikae mbali na kompyuta iliyochomekwa.

Hatua ya 8: Ndani ya ndege kubwa

Tafuta soketi kabla watu hawajajaa. Mara nyingi iko chini kati ya viti viwili, usawa wa mashavu ya miguu, au nyuma ya kiti cha mbele. Wakati wa kuondoka na wa kutua kompyuta hufungwa na kuwekwa, na mashirika mengine huzima umeme wa viti mpaka ndege itulie juu. Subiri tu.

Soketi ikiwa iko upande wa jirani, ongea naye. "Shikamoo mama, naomba nichomeke chaja hapa kwako, waya hautakusumbua." Pitisha waya chini, usikate njia yake ya kutokea.

Chomeka plagi kwa mkupuo mmoja hadi mwisho. Soketi nyingi za ndege huwa na kitambuzi: miguu isipoingia pamoja, haitoi umeme. Ule mtindo wetu wa kufungua tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie, tafadhali, uache nyumbani.

Mara umeme ukiwaka, washa hali ya kutunza betri, punguza mwanga wa skrini hadi macho yanapokubali, zima taa za kibodi na Bluetooth, weka modi ya ndege. Skrini ndiyo mlaji mkubwa, na ndani ya ndege iliyozimwa taa robo ya mwanga inatosha kabisa. Usichaji simu kupitia kompyuta. Ichomeke kwenye USB ya kiti.

Soketi ikikata, fuata mpangilio huu. Chomoa, subiri dakika moja au mbili, punguza kazi inayofanyika, chomeka tena. Ikikata tena, zima kompyuta na uichaji ikiwa imezimwa, kwani hapo uvutaji wake unapungua. Ikigoma bado, mwombe mhudumu auzime na kuuwasha umeme wa kiti chako. Wengi wanaweza kufanya hivyo kutoka jikoni kwao. Kama nafasi ipo, omba kuhama kiti.

Usiiweke kompyuta inayochaji kwenye blanketi wala mto. Matundu ya hewa yakizibwa joto hupanda na betri huumia. Meza ya kiti inafaa zaidi.

Ukisikia harufu kali ya kemikali, ukaona moshi, au betri ikawa ya moto usioshikika, bonyeza kitufe cha kumwita mhudumu na upaze sauti papo hapo. Usiifiche na usiirudishe kwenye begi. Na simu ikidumbukia kwenye pengo la kiti, usikisogeze kiti kuitafuta. Chuma cha kiti kikiibana betri yake inaweza kuwaka. Mwite mhudumu aitoe.

Rubani akitangaza kushuka, hifadhi kazi, chomoa chaja na uizungushe waya wake mara moja uiweke begini. Chaja nyingi husahaulika chini ya viti kwa sababu mtu alisema ataichomoa ndege ikisimama, na ikisimama kila mtu husimama naye.